Kupasua kwanza au dawa kwanza: njia mbili za kutibu uvimbe wa Wilms kwa mtoto

Dada yangu aliugundua akimwogesha mwanawe kwenye beseni. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu, anacheka, anarusha maji, na mkono wenye sabuni ulipopita ubavu wa kushoto ukakuta kitu kigumu kama embe bichi. Hakikuwa kinamuuma. Kesho yake zahanati moja ikasema ni bandama, tukapewa dawa ya malaria. Wiki mbili baadaye mkojo ukatoka na damu, tukaambiwa kichocho, tukapewa dawa ya kichocho. Sisi watu wa Tanga bandama na kichocho tunavijua tangu utoto, kwa hiyo hatukubisha. Ultrasaundi ndiyo iliyokuja kusema kwamba embe lile limeota kwenye figo.

Tulipofika hospitali kubwa Dar es Salaam, daktari akaeleza mpango: wiki nne za dawa za sindano, kisha upasuaji wa kutoa figo, kisha dawa tena. Jioni ile ile binamu yetu aliyeko Ohio akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: huku wangempasua wiki hii hii, nyie mnasubirishwa nini? Shangazi akadakia kwamba vifaa hakuna, ndiyo maana. Dada akanigeukia: "Kaka, wewe ndiye msomaji wetu. Nani anasema kweli?"

Nilichukua wiki kadhaa kusoma na kuwasumbua madaktari, na jibu nililompa ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Kupasua kwanza ndiyo njia ya Marekani na Kanada. Dawa kwanza ndiyo njia ya Ulaya na ya nchi nyingi zilizobaki, na haikubuniwa kwa ajili ya hospitali zisizo na vifaa. Ilianzia Ufaransa, Uholanzi na kwa jirani zao, ambako vifaa vimejaa. Kwa kupona, njia hizi zinakaribiana mno. Zinapoachana ni kwenye mambo mengine, na hayo ndiyo ya kutazama unapoambiwa uamue, au unapotaka tu kuelewa kwa nini daktari wako ameamua hivyo.

Ugonjwa wenyewe

Wilms ni saratani ya figo ya utotoni. Jina limetoka kwa Max Wilms, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeuandikia kitabu mwaka 1899. Humpata mtoto 1 hivi kati ya 10,000, wengi wakiwa hawajafika miaka 5. Kwa kawaida hushika figo moja. Kwa watoto 5 hadi 10 kati ya 100 hushika zote mbili. Chanzo si uchawi, si maziwa ya kopo, wala si mama kujikwaa akiwa mjamzito. Ni seli za figo za tangu tumboni mwa mama ambazo zilipaswa kukomaa, hazikukomaa, zikaendelea kuzaana. Wachache wana jeni yenye kasoro, kama ile ya WT1 iliyotambuliwa mwaka 1990, na baadhi yao huzaliwa na alama nyingine, kwa mfano jicho lisilo na ile duara ya rangi inayozunguka mboni.

Kati ya saratani za watoto, hii ni mojawapo ya zinazosikia dawa vizuri zaidi. Katika nchi tajiri watoto 9 kati ya 10 wanapona. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipoanzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, liliiweka Wilms kati ya saratani 6 za kuanzia, likilenga angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030.

Ubaya wa uvimbe huu ni ganda lake. Unakuwa mkubwa, ndani laini, na nje umevikwa utando mwembamba tu. Utando ukipasuka, seli humwagika tumboni na ugonjwa uliokuwa mwepesi unakuwa mzito. Siku ya pili wodini nilimwona daktari bingwa akiwazuia wanafunzi waliopanga foleni kuupapasa: "Mmoja anatosha. Hili si tikiti la sokoni." Mvutano wote wa njia mbili umetokana na utando huo.

Miaka hamsini ya kutokubaliana

Watoto wenye Wilms walianza kupona kwa wingi pale dawa zilipoongezwa juu ya kisu na mionzi. Miaka ya 1950 huko Boston, Sidney Farber na wenzake walianza kutumia aktinomaisini D, dawa iliyotokana na vijidudu vya udongoni. Miaka ya 1960 ikafuata vinkristini, inayotolewa kwenye mmea wa asili ya Madagaska wenye maua ya rangi ya waridi, ule ule ambao watu wa pwani wanaupanda mbele ya baraza kwa urembo. Dawa hizo mbili ndizo uti wa mgongo wa njia zote mbili hadi leo. Kwa hiyo huchagui kati ya dawa za kisasa na dawa za zamani. Unachagua kipi kitangulie.

Mwaka 1969 yalizaliwa makundi mawili. Marekani ikaanzisha kundi la taifa la utafiti wa Wilms, NWTS, ambalo baadaye liliingia ndani ya COG, kundi la saratani za watoto la Marekani Kaskazini. Mwaka huo huo, Madrid, ikaundwa SIOP, jumuiya ya kimataifa ya saratani za watoto. Wamarekani wakashika lao: toa figo kwanza, utazame uvimbe kabla haujaguswa na chochote, ndipo upange dozi. Waulaya wakaja na swali jingine: tukiusinyaza kwanza, je, utapasuka mara chache zaidi mezani?

Utafiti wa kwanza wa SIOP ulianza 1971, watoto wakagawanywa kwa kura. Wengine walipigwa mionzi kabla ya upasuaji, wengine wakapasuliwa moja kwa moja. Kwa waliotangulizwa mionzi, uvimbe ulipasuka kwa asilimia 4 tu. Kwa wenzao ilikuwa kama theluthi moja. Mionzi kwa mtoto mdogo si kitu cha kuchezea, kwa hiyo baadaye katika miaka hiyo ya 1970 wakajaribu vinkristini na aktinomaisini badala yake, na ikaonekana kwamba dawa zinausinyaza uvimbe vizuri vile vile. Tangu hapo Ulaya haikurudi nyuma.

Waliobaki wanasita walikuwa Waingereza, na ni wao waliofanya kile ambacho kila mtu alipaswa kukifanya. Kuanzia 1991 hadi 2001 waliwagawa kwa kura watoto 205, nusu wakapasuliwa kwanza, nusu wakapewa dawa kwanza kwa wiki sita. Waliobaki hai walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Ila kati ya waliopasuliwa kwanza, karibu 30 kwa kila 100 walikutwa wako hatua ya III, ile nzito inayodai matibabu zaidi. Kati ya waliotangulizwa dawa walikuwa karibu 10 kwa kila 100. Maana yake ni kwamba kwa kutanguliza dawa, mtoto mmoja hivi kati ya watano aliepushwa mionzi au dawa ya tatu, ile inayogusa moyo. Uingereza ikahamia upande wa dawa kwanza.

Mimi nilipofika hapo nilidhani kesi imekwisha. Haijakwisha, na sababu yake inafaa kueleweka.

Kila njia inaona nini

Hatua za ugonjwa zinahesabiwa hivi. Ya I, uvimbe uko ndani ya figo na umetolewa wote. Ya II, umetoka nje ya figo kidogo lakini umetolewa wote. Ya III, kuna mabaki tumboni, au tezi za limfu zimeingiliwa, au uvimbe umepasuka. Ya IV umefika mbali, mara nyingi mapafuni. Ya V ni figo zote mbili. Hatua ndiyo inayoamua mtoto atapewa dawa kiasi gani, kwa hiyo swali la lini unaihesabu si dogo.

Ukipasua kwanza unaihesabu mwanzoni, uvimbe ukiwa kama ulivyokuja. Mpatholojia, daktari anayesoma nyama kwa hadubini, anapata uvimbe ambao haujaharibiwa na dawa. Hakuna mtoto atakayechomwa dawa za saratani kwa kitu ambacho kumbe si saratani, au ni saratani nyingine kabisa. Na ni kwa njia hii tu COG waliweza kugundua jambo ambalo Ulaya isingeligundua: kwamba mtoto wa chini ya miaka 2, mwenye ugonjwa wa hatua ya I na uvimbe usiofika gramu 550, anaweza kutibiwa kwa kisu peke yake, bila hata tone la dawa. Waliwafuatilia watoto 116 wa aina hiyo. Katika miaka 4, karibu 90 kwa kila 100 ugonjwa haukuwarudia, na waliorudiwa wakapewa dawa. Hakuna aliyefariki katika miaka hiyo. Pia wakajifunza kusoma vinasaba vya uvimbe mbichi na kuwatambua mapema watoto wanaohitaji dawa kali zaidi.

Ukianza na dawa unaona kitu ambacho kisu hakikuonyeshi: uvimbe huu unaitikiaje. Baada ya wiki nne mpatholojia anaukata. Akikuta umekufa wote na ni wa hatua ya I, mtoto anaweza asihitaji dawa nyingine tena. Akikuta sehemu kubwa iliyobaki hai ni zile seli changa kabisa ziitwazo blastema, hiyo ni ishara mbaya. Maana yake zimepigwa na dawa wiki nne na bado ziko hai, na hapo dawa inabadilishwa. Uvimbe huo huo ukipasuliwa siku ya kwanza, blastema nyingi si habari ya kutisha, kwa sababu hujui bado ipi itakufa na ipi itakaidi.

Wamarekani wanasema dawa imefuta alama: tezi iliyokuwa na saratani inakutwa safi, na mtoto wa hatua ya III anaandikwa wa II. Waulaya wanajibu kwamba kama dawa imeisafisha tezi, basi hicho ndicho tulichotaka kujua. Hoja ya kila mmoja ina uzito. Nikilazimishwa kuchagua naegemea Ulaya, kwa sababu mgonjwa si uvimbe ulivyokuwa jana bali ni ulivyo leo. Lakini nakiri kwamba ni rahisi kusema hivyo kama mpatholojia wako ni mzuri. Njia ya Ulaya inamtegemea mpatholojia kwa kila kitu. Kusoma nyama iliyopondwapondwa na dawa, useme ipi ilikufa na ipi ilibaki, si kazi ya mtu aliyejifunza jana.

Kwenye figo mbili hawabishani. Wote wanaanza na dawa, kwa sababu nia ni kuokoa kila kipande cha figo kinachookoleka.

Bei anayolipa mtoto

Vinkristini inashika mishipa ya fahamu. Mpwa wangu alikuwa anaburuza kidole gumba cha mguu akipanda ngazi, na choo kilikuwa kigumu wiki nzima. Mapapai tulinunua hadi muuzaji akatuzoea. Aktinomaisini inatapisha, inatoa vidonda mdomoni na inaweza kulichosha ini. Haya yapo kwenye njia zote mbili, na mengi yanapita.

Yasiyopita kirahisi ni mawili: mionzi, na doksorubisini, ile dawa ya tatu. Doksorubisini ni nyekundu, kina mama wa wodini walikuwa wakiiita Vimto, na siku inapotoka hata mkojo unakuwa mwekundu. Moyo unaweza kuidai baadaye, hata miaka mingi mtoto akiwa mtu mzima. Mionzi ya ubavuni nayo inaweza kuuzuia mgongo kukua sawa upande mmoja, na kwa msichana inaweza kuja kumsumbua akiwa mjamzito.

Hapa ndipo dawa kwanza inashinda kwa kura zangu. Kwanza kwa ile hesabu ya Waingereza ya hatua ya III. Pili kwa utafiti wa SIOP wa 2001, uliowagawa kwa kura watoto 583 wa hatua ya II na III wenye uvimbe wa hatari ya kati, yaani si ule uliokufa wote wala ule wa blastema nyingi: nusu na doksorubisini, nusu bila. Miaka miwili baadaye walioepukana na tatizo lolote walikuwa asilimia 92.6 kwa waliopewa na 88.2 kwa ambao hawakupewa. Tofauti ipo. Lakini waliokuwa hai baada ya miaka 5 ni asilimia 96.5 na 95.8, kwa sababu waliorudiwa wengi waliokolewa. Watafiti wakaona haifai kuugusa moyo wa kila mtoto kwa ajili ya hao wachache. Kwa COG, mtoto wa hatua ya III anapata doksorubisini na mionzi ya ubavu, na tukumbuke kwamba kwao hatua ya III ni wengi zaidi.

Kwa muda, matokeo yanachanganyika, na watu hupotoshana hapa. Hatua ya I kwa njia ya SIOP ni wiki 4 za dawa, upasuaji, na wiki 4 nyingine. Wamefupisha kutoka wiki 18 baada ya utafiti wa watoto 410 kuonyesha kwamba hakuna kinachopotea. Kwa COG, hatua ya I na ya II, ukiacha wale wachanga wa kisu pekee, ni kama wiki 18 au 19 baada ya upasuaji. Hatua ya II kwa SIOP ni wiki 27 baada ya upasuaji, kwa hiyo hapo Marekani ni fupi. Hatua ya III kwa COG ni kama wiki 25. Ukiambiwa njia fulani "ni fupi", uliza hatua gani.

Huku kwetu

Hospitali za Afrika Mashariki karibu zote zinaanza na dawa. Nilitaka kujua kama ni kwa sababu ya umaskini, kama shangazi alivyosema. Kwa sehemu ni kweli, lakini si kwa namna aliyodhania.

Watoto wetu wanafika wamechelewa. Bandama, kichocho, mganga, nauli, mpaka uvimbe unafika kilo na zaidi ndani ya tumbo la mtoto wa kilo 13. Kuutoa huo siku ya kwanza ni kuomba upasuke, na damu ya kuongeza haipatikani kila siku. Wiki nne za vinkristini, sindano moja kwa wiki, na aktinomaisini mara mbili, zinaweza kuupunguza kwa nusu. Nilimwona mpwa wangu akibadilika: wiki ya kwanza kaptula ilikuwa inafungwa chini ya kitovu, wiki ya nne ikarudi mahali pake. Halafu hatua ya III zikipungua, wanaohitaji mionzi wanapungua, na mashine za mionzi katika ukanda wetu ni za kuhesabu.

Kuna tahadhari mbili za huku ambazo vitabu vya Ulaya havizisisitizi. Moja ni lishe. Mtoto aliyekonda dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Jambo hili lilipimwa kwa watoto wa Wilms huko Blantyre, Malawi. Mwongozo wa SIOP kwa nchi zenye uwezo mdogo unasema mtoto mwenye utapiamlo mkali apewe theluthi mbili ya dozi kwanza. Na uzito wa mizani unadanganya, kwa sababu kilo nzima inaweza kuwa ya uvimbe. Ndiyo maana nesi anatumia ule mkanda wa rangi wa kupimia mkono. Ukiona hawajaupima mkono, omba.

Ya pili ni kwamba dawa kwanza, bila kukata kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa), inategemea picha kuwa sahihi. Ulaya hilo halina shida kubwa, kwani uvimbe wa figo kwa mtoto wa miaka mitatu karibu kila mara ni Wilms. Huku kwetu kuna Burkitt, saratani ya limfu ambayo inaweza kujaza tumbo kwa wiki chache na kuingia hata kwenye figo, na dawa zake ni nyingine. Kuna pia nyuroblastoma, inayoota juu ya figo, inavuka katikati ya tumbo na kuizunguka mishipa mikubwa. Mtoto wa nyuroblastoma mara nyingi anaonekana mgonjwa, analia mifupa. Wa Wilms anaweza kuwa anacheza mpira na embe lake tumboni. Picha ikiwa na shaka, au mtoto ana zaidi ya miaka 7 hivi, kinyama kitolewe kwa sindano kabla ya dawa. Kwa SIOP sindano hiyo haibadilishi hatua. Kwa COG inambadilisha moja kwa moja kuwa hatua ya III.

Lakini takwimu zilizonishtua hazihusu kisu wala dawa. Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2013 ulikuta kwamba baada ya miaka 2 waliokuwa hai ni kama asilimia 53. Mradi wa pamoja wa Wilms wa Afrika, ulioanza 2014 ukihusisha hospitali za Malawi, Ghana, Kameruni na kwingineko, ulianzia karibu hapo hapo: asilimia 52 walimaliza matibabu wakiwa hai bila ugonjwa. Walipokubaliana kutumia mwongozo mmoja, na kuzisaidia familia gharama za matibabu na nauli, ikapanda hadi 68.5. Dawa hazikubadilika. Walioacha matibabu njiani walishuka kutoka asilimia 23 hadi 12.

Kwa hiyo nikaanza kulinganisha njia mbili kwa kipimo ambacho sikukiona kwenye jarida lolote: ni wapi familia inashawishika kurudi nyumbani? Kila njia ina mahali pake. Ukianza na dawa ni wiki ya tatu au ya nne. Tumbo limeshuka, mtoto anakula, bibi kijijini anasema kapona, kwa nini mkamchane? Ukianza na kisu ni siku ya kutolewa nyuzi. Uvimbe umetoka, umeuona kwenye beseni kwa macho yako, kwa nini tena sindano wiki 18? Ijue familia yako. Yetu ilikuwa inaogopa kisu kuliko sindano, na bila dada kuwa mkaidi tungepotelea wiki ya nne. Wodini kulikuwa na baba mmoja kutoka Lindi, yeye kinyume: alitaka "kitu kile kitoke" ndipo apumue, na kila Jumatatu alimwuliza daktari swali lile lile.

Nauli na chakula viulizwe kabla ya siku ya kwanza. Muhimbili, wodi ya watoto wa saratani imekuwa ikifanya kazi na shirika la Tumaini la Maisha tangu huduma hiyo ilipohamia pale kutoka Ocean Road mwaka 2011, na matibabu hayalipishwi. Watu wengi wa mikoani bado hawalijui hilo. Wanauza shamba kwanza.

Kisu kitangulie lini hata huku

Mtoto wa chini ya miezi 6: hata Ulaya wanapasua kwanza, kwa kuwa katika umri huo uvimbe wa figo unaweza kuwa wa aina nyingine isiyohitaji dawa hizi. Uvimbe uliopasuka na unavuja damu bila kukoma. Picha zinazosigana, pale ambapo hata sindano ya kinyama haikutoa jibu. Na uvimbe mdogo kabisa, uliogunduliwa kwa bahati, kwenye hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto na mpatholojia wa kuaminika. Huyo anaweza kupasuliwa kwanza bila hasara, ilimradi tezi za limfu zichukuliwe. Hili la tezi liulize kwa njia yoyote ile. Figo ikitolewa bila tezi, mpatholojia anahesabu hatua gizani.

Nisichokipendekeza ni kuchanganya. Kuanza dawa hospitali moja wiki mbili, kuona uvimbe unapungua, kuhamia nyingine kupasuliwa haraka, halafu kupewa dawa za mwongozo wa upande wa pili kwa kuwa jamaa wa ng'ambo ametuma PDF. Kila hesabu ya dozi kwenye njia moja imesimama juu ya namna hatua ilivyohesabiwa kwenye njia hiyo hiyo.

Nalijua hilo kwa sababu tuliponea chupuchupu. Majibu ya patholojia yalipotoka, dada aliyapiga picha akayaweka kwenye kundi: hatua ya II, hatari ya kati. Tukashangilia. Binamu akampelekea daktari mmoja anayemfahamu kule, na usiku jibu likarudi: kwa hesabu yao mtoto huyu ni wa hatua ya III, apate mionzi na doksorubisini. Dada hakulala. Asubuhi alimsubiri daktari mlangoni na simu mkononi. Daktari akaisoma, akaipanua kwa vidole, akaisoma tena. Akasema huyo mwenzake hajakosea: kwa COG, mtoto yeyote aliyepewa dawa kabla ya upasuaji anaandikwa hatua ya III. Kisha akalifungua faili, akachukua kalamu, na pembeni ya lile neno "hatua ya II" akaandika kwa herufi kubwa: BAADA YA DAWA. Akaomba dada aipige picha upya na kuituma.